Faili Lisilokubali Kufutika Baada ya Kurushiana kwa Bluetooth au Wi-Fi: Chanzo Chake na Namna ya Kuliondoa

Katika Mkoa wa Tabora, kazi nyingi za ofisi ndogo, shule na vikundi hutegemea kurushiana mafaili kati ya simu na kompyuta. Karani wa chama cha msingi cha ushirika huko Urambo hupiga picha karatasi za mizani ya tumbaku na kuzirusha kwenye kompyuta ya ofisi. Mwalimu kutoka Kaliua hufika stesheneri ya mjini akiwa na mtihani kwenye simu, akitaka uchapwe. Wanakwaya wa Isevya hurushiana video za mazoezi. Bando likiisha au mtandao ukiwa chini, Bluetooth na programu za kurusha kwa Wi-Fi ndizo kimbilio, kwa kuwa hazihitaji intaneti. Tatizo linaloletwa mara kwa mara kwetu sisi tunaofundisha na kuhudumia TEHAMA ni la faili lililokatikia njiani: limebaki kwenye kompyuta, halifunguki, na kila likifutwa linakataa.

Jambo ninalotaka lieleweke kabla ya mengine yote ni kwamba, mara nyingi, faili la namna hiyo si kirusi wala dalili ya kompyuta kuharibika. Ni faili ambalo bado limeshikwa na programu fulani, au lina jina ambalo Windows haiwezi kulitamka. Nalisisitiza hili kwa sababu hofu ya kirusi ndiyo inayowafanya watu wakubali kompyuta nzima ifomatiwe, na pamoja na faili moja bovu hupotea hesabu za chama za misimu kadhaa au alama za wanafunzi ambazo hazina nakala popote. Hakuna faili lililokatikia njiani ambalo linastahili gharama hiyo.

Tuanze na kinachotokea wakati wa kurusha. Programu inayopokea hufungua faili jipya kwenye diski na kuanza kuliandika kipande kwa kipande, na kwa muda wote huo huuambia mfumo endeshi kwamba faili hilo liko mikononi mwake, mwingine asiliguse. Likikamilika, programu hulifunga na kuliachia. Sasa Bluetooth ya kawaida, hata ile yenye kasi inayotajwa kuwa megabiti 3 kwa sekunde, kwa kweli hupitisha takribani megabiti 2, na hivyo video ya megabaiti 700 huhitaji zaidi ya dakika 40. Ndani ya dakika hizo umeme unaweza kukatika, simu ikaisha chaji, mwenye simu akatoka nje ya umbali wa mita 10 hivi ambao vifaa vingi vya Bluetooth hufikia, au kompyuta mpakato ikalala yenyewe kwa kuwa hakuna aliyeigusa. Mawasiliano hukatika, lakini programu inayopokea wakati mwingine haijui kwamba yamekatika. Huendelea kusubiri, huku imelishika lile faili nusu. Hapo ndipo mtumiaji anapobonyeza Delete na kujibiwa kwamba faili limefunguliwa na programu nyingine. Hali hiyo ni sawa na mlango uliofungwa komeo kwa ndani: kuusukuma kwa nguvu hakusaidii, na dawa ni kumtoa aliye ndani.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kusoma ujumbe unaotokea kwenye skrini, wote, hadi mwisho. Wengi huufunga kabla ya kuusoma, ilhali katika matoleo ya Windows ya miaka hii ujumbe huo mara nyingi hutaja jina la programu iliyolishika faili. Ikiwa iliyotajwa ni programu ya kurushia, ifunge kabisa. Kubofya alama ya msalaba kwenye dirisha lake hakutoshi, kwa sababu nyingi kati ya programu hizi huendelea kufanya kazi kimyakimya, na alama zake huonekana pembeni mwa saa, chini kulia. Bofya alama hiyo kwa kitufe cha kulia cha kipanya, kisha uchague kutoka. Ikiwa ulitumia Bluetooth, izime kwenye mipangilio ya kompyuta, subiri kidogo, halafu ujaribu kufuta tena. Matukio mengi huishia hapa.

Ujumbe usipotaja jina, Windows yenyewe ina chombo cha kumtafuta mhusika. Andika resmon kwenye sehemu ya kutafutia, fungua Resource Monitor, nenda kwenye ukurasa wa CPU, na katika sehemu iitwayo Associated Handles andika kipande cha jina la faili lako. Orodha ya programu zinazolishika itajitokeza, nawe utajua ya kufunga.

Video zinahitaji maelezo ya peke yake, kwa kuwa ndizo zinazosumbua zaidi. Fungua folda yenye video iliyokatika na uangalie kwa makini: mstari wa kijani hutambaa polepole kwenye sehemu ya juu ya dirisha, haufiki mwisho, na mahali pa picha ndogo ya video pana alama tupu. Kinachoendelea ni kwamba Windows inajaribu kuichungulia video ili itengeneze picha hiyo ndogo na kujua urefu wake. Mafaili mengi ya MP4 yanayorekodiwa na simu huhifadhi faharasa yake, yaani orodha inayoonyesha kila kipande cha video kiko wapi, mwishoni, na video iliyokatika haina mwisho, basi kompyuta inasoma na kutafuta kitu ambacho hakikufika. Wakati inatafuta, imelishika faili. Ujumbe utakaokuja hapo mara nyingi husema kwamba faili limefunguliwa katika COM Surrogate, jina ambalo limewatisha watu wengi wakidhani ni kirusi; kwa kweli ni sehemu halali ya Windows, na kutengeneza picha hizo ndogo ni mojawapo ya kazi zake. Badilisha mwonekano wa folda uwe wa orodha yenye maelezo, zima kidirisha cha kuchungulia kwa kubonyeza Alt pamoja na P ikiwa kiko wazi, kisha ufunge folda na uifungue upya. Likikataa bado, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili ufungue Task Manager, tafuta COM Surrogate, na uisimamishe. Kuisimamisha hakuidhuru kompyuta, kwani itaanza tena yenyewe itakapohitajika.

Hatua inayofuata ni kuwasha upya, na hapa kuna kosa linalofanywa karibu kila ofisi. Mtu huzima kompyuta, huiwasha, faili linakataa vilevile, naye huhitimisha kwamba tatizo ni kubwa. Tangu Windows 8 iliyotoka mwaka 2012, kompyuta nyingi zimewekewa utaratibu wa kuwaka haraka, ambao kwa kuzima kwa kawaida huhifadhi hali ya kiini cha mfumo kwenye diski na kuirudisha inapowashwa. Mambo mengine yaliyokuwa yamekwama hurudi nayo. Amri ya Restart ndiyo inayofunga kila kitu na kuanza upya kabisa, kwa hiyo chagua Restart, na kompyuta ikishawaka futa faili kabla hujafungua programu yoyote ile.

Ukihitaji kwenda mbali zaidi, kuna njia ya Command Prompt, yaani dirisha la kuipa kompyuta amri kwa maandishi, ambayo haichungulii ndani ya faili kabla ya kulifuta. Andika cmd kwenye sehemu ya kutafutia na uifungue, ingia kwenye folda husika kwa amri ya cd (andika cd, acha nafasi, kisha anwani ya folda hiyo ndani ya alama za kunukuu, na ubonyeze Enter), halafu kupitia Task Manager simamisha Windows Explorer. Alama zote za kwenye skrini zitatoweka, usishtuke. Andika del, acha nafasi, kisha jina kamili la faili likiwa ndani ya alama za kunukuu, pamoja na kitambulishi chake cha mwisho kama vile .mp4. Soma ulichoandika mara ya pili kabla ya kubonyeza Enter, maana faili linalofutwa kwa njia hii haliendi kwenye pipa la taka. Ukimaliza, andika explorer, bonyeza Enter, na skrini itarudi kama ilivyokuwa.

Kuna kundi la pili la mafaili sugu, ambalo dawa zote hizo hazilifikii. Ujumbe wake ni tofauti: Windows husema haikuliona faili, ingawa wewe unaliona kwa macho. Chanzo ni jina. Simu za Android zimejengwa juu ya kiini cha Linux, ambacho kina uhuru mkubwa wa majina kuliko Windows. Windows haikubali jina linaloishia kwa nukta au kwa nafasi tupu, na imejitengea majina kama con, prn, aux, nul, com1 hadi com9 na lpt1 hadi lpt9 kwa matumizi yake tangu enzi za DOS, mfumo endeshi wa zamani uliotangulia Windows. Jina refu likikatwa na programu ya kurushia, mkato ukaangukia penye nafasi au nukta, na faili likaandikwa bila kupitia ukaguzi wa kawaida wa Windows, basi kila unapolifuta Windows huiondoa ile nukta kimyakimya na kutafuta jina lisilo nayo, ambalo kweli halipo. Dawa ni kuiambia ilichukue jina kama lilivyo. Tuseme faili linaitwa Taarifa ya mauzo, likiwa na nukta mwishoni, na liko kwenye folda ya Downloads ya mtumiaji aitwaye Ofisi. Kwenye Command Prompt utaandika hivi:

del "\\?\C:\Users\Ofisi\Downloads\Taarifa ya mauzo."

Zile alama nne za mwanzo, mikwaju miwili, alama ya kuuliza na mkwaju mwingine, ndizo zinazoizuia Windows kulirekebisha jina. Ikiwa ni folda, tumia rd /s badala ya del, ukijua kwamba kila kilichomo kitafutika pamoja nayo. Na ikiwa tatizo ni njia ndefu ya folda ndani ya folda, inayozidi kiwango cha kawaida cha herufi 260, inatosha kufupisha majina ya folda za juu.

Faili likiwa kwenye flashi au kadi ya kumbukumbu, mambo hubadilika. Kadi ikichomolewa wakati wa kuandikwa, jedwali linaloonyesha kila faili liko wapi linaweza kuvurugika, na utaona majina yenye herufi za ajabu au mafaili yanayodai kuwa makubwa kuliko kadi yenyewe. Hapo kwanza nakili kwenye kompyuta kila kinachofunguka vizuri. Baada ya hapo tu, fungua Command Prompt kwa mamlaka ya msimamizi na uandike chkdsk E: /f, ukiweka herufi ya kadi yako mahali pa E. Vipande vitakavyookolewa vinaweza kuwekwa kwenye folda iitwayo FOUND.000. Kabla ya yote hayo, lakini, tazama ubavuni mwa adapta ya kadi: kuna kitufe kidogo cha kutelezesha, na kikiwa upande wa kufunga hakuna kitakachofutika. Fahamu pia kwamba flashi iliyofomatiwa kwa FAT32, mojawapo ya mipangilio ya kuhifadhi mafaili, haipokei faili moja linalofika gigabaiti 4, hivyo video ndefu ya harusi itakatikia hapo kila mara hata ukiirusha upya.

Kirusi hakipaswi kusahauliwa kabisa. Washa uonyeshaji wa vitambulishi vya mafaili, na ukikuta kinachojiita video kinaishia kwa .exe, au faili unalofuta linarudi lenyewe, usilibofye. Endesha ukaguzi wa Windows Security, ambayo imo ndani ya Windows bila malipo. Kwa upande mwingine, nawasihi wananchi waache kupakua programu ngeni zinazoahidi kufuta kila kisichofutika. Nyingi huja na matangazo na programu nyingine ambazo hukuziomba, na hapo umetatua tatizo la faili moja kwa kuleta wageni usiowajua. Kuna pia njia ya kuwasha kompyuta katika hali salama, kwa kushikilia Shift wakati unabofya Restart, lakini kwenye kompyuta ambayo diski yake imefungwa kwa usimbaji, yaani data zake zimefichwa hadi zifunguliwe kwa ufunguo wa siri, unaweza kudaiwa ufunguo wa tarakimu 48. Usiijaribu kama huna ufunguo huo.

Kabla ya kufuta chochote kati ya hivi, piga simu kwa aliyekurushia uhakikishe faili la asili bado lipo kwake. Nalisema hili kwa uzito, kwa kuwa watu wengi hufuta kwenye simu ili wapate nafasi mara tu wanapodhani kwamba faili limefika. Ukubwa ndio ushahidi: kama kwenye simu ni megabaiti 640 na kwenye kompyuta ni 212, halijafika. Picha za hati zilizokatika, hasa za JPG, mara nyingine hufunguka sehemu ya juu, na sehemu hiyo inaweza kuwa ndiyo yenye namba ya hati unayoihitaji.

Ukilirusha upya, weka simu na kompyuta kwenye meza moja, zuia kompyuta isilale, lipe faili jina fupi lisilo na nukta zaidi ya ile ya kitambulishi, na kwa video kubwa tumia waya wa USB ukiwepo. Likishindikana kabisa na ukaamua kumpelekea fundi, piga picha ya ujumbe wa kwenye skrini ukiwa wote, andika faili liko kwenye folda gani na lilirushwa kwa programu gani, kisha mwambie waziwazi kwamba hujaruhusu kompyuta ifomatiwe.