Kwa nini AMANI ukiichonga hutoka INAMA?

Mwaka wangu wa kwanza chuo cha ualimu, kipindi cha sanaa, kila mmoja wetu alipewa kipande cha lino, tandiko la sakafuni linalochongeka, ukubwa wa daftari dogo. Patasi ilikuwa moja kwa watu watatu, na kazi yenyewe ilikuwa fupi: chonga neno moja, ulichape. Nikachagua AMANI. Nilichonga kwa mbwembwe, herufi nene zilizosimama wima. Nikapaka wino kwa rola, nikalaza karatasi juu yake, nikasugua mgongo wa karatasi kwa kijiko, kisha nikaibandua polepole kama anayefunua sufuria la pilau mbele ya wageni.

Karatasi ikaniamrisha: INAMA. Jirani yangu wa dawati alitii papo hapo. Aliinama kweli, kwa kicheko.

Mkufunzi hakucheka. Alichukua ile karatasi, akaigeuza mgongo na kuiinua dirishani. Jua lilipopenya, wino ulionekana kwa nyuma ukisomeka AMANI, bila kasoro. "Haya, mwalimu," akaniambia, maana sisi walimu tarajali tuliitwa walimu tangu siku ya kwanza, "nani kageuka hapa, lino au karatasi?"

Aliyegeuka ni karatasi. Unapochonga, wewe unalitazama lino kutoka juu. Karatasi inapolazwa, uso wake unakutana na uso wa lino ana kwa ana, kama watu wawili wanaosalimiana: mkono wako wa kulia uko upande wa mkono wake wa kushoto. Mpaka hapo hakuna kilichoharibika. Kila herufi imekaa palepale ilipochongwa, ila imefichwa chini ya karatasi. Ni pale unapoibandua na kuipindua ili uione ndipo kulia kunakuwa kushoto. Mkufunzi alipoinua ile karatasi dirishani alikuwa ameitazama kwa upande niliokuwa nikiutazama mimi wakati wa kuchonga.

Na kwa nini yangu ilisomeka, tena kwa ufasaha wa kuniaibisha? Kwa sababu A, M na I zina nusu mbili zinazofanana. Zikunje katikati kwa wima, kushoto kutalala juu ya kulia sawasawa. H, O, T, U, V, W, X na Y nazo ziko hivyo. Herufi hizi zikigeuzwa hazionyeshi kwamba zimegeuzwa. Kinachobadilika ni mpangilio wake tu. Katika neno langu msaliti alikuwa N peke yake, maana mshazari wake ulilalia upande usio wake. Ningechonga BARAKA, B, R na K zingetazama nyuma, na kila mtu angejua ni kosa kabla hajajaribu kusoma.

Usidhani hili ni jambo la darasa la sanaa peke yake. Omba mhuri wa ofisi ya mkuu wa shule, ugeuze uutazame tumbo. Herufi zote zimekaa kinyume, na fundi aliyeutengeneza alijua hivyo tangu mwanzo.

Dawa yake ni rahisi. Chora au andika kwa penseli laini kwenye karatasi nyepesi, uandike kama kawaida. Kisha ilaze kifudifudi juu ya lino na usugue mgongo wake kwa kijiko. Unga wa penseli utahamia kwenye lino ukiwa tayari umegeuka, nawe unafuata tu mistari. Kuchapa kutaigeuza mara ya pili na irudi ilivyokuwa. Kugeuza mara mbili ni sawa na kutogeuza.

Hesabu hiyohiyo ndiyo inayoendesha mitambo ya ofseti inayochapa magazeti. Bamba lake la alumini husomeka vizuri kwa macho, kwa sababu haligusi karatasi. Huupitisha wino kwenye mpira kwanza, pale maandishi yanageuka, na mpira unapogusa karatasi yanageuka tena. Wachapaji wa fulana hawana shida hii kabisa. Wino wao husukumwa kupitia kitambaa chembamba kilichowambwa kwenye fremu na kushuka moja kwa moja kwenye nguo. Kwa kuwa hakuna nyuso mbili zinazobusiana, hakuna kinachogeuka.

Nitasema neno kuhusu lino lenyewe, maana wengi tuliliona chuoni kwa mara ya kwanza. Halikubuniwa kwa ajili ya sanaa. Mwingereza Frederick Walton alilitengeneza miaka ya 1860 liwe la kutandika sakafuni, kwa mafuta ya mbegu za kitani yaliyoganda, unga wa koki (gome jepesi la kutengenezea vizibo vya chupa) na kitambaa kigumu cha gunia mgongoni. Wasanii walilipenda baadaye kwa sababu, tofauti na mbao, halina nyuzi. Patasi huenda upande wowote bila kukwama. Likiwa gumu, lianike juani dakika chache, litalainika. Na mkono unaoshikilia lino ukae nyuma ya patasi siku zote, kamwe usiwe mbele yake. Kovu la kidole changu cha shahada linanikumbusha.

Kama unajiona mzembe kwa kosa hili, msikilize Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi. Mwaka 1650 alichora kombe la konokono wa baharini kwenye bamba la shaba. Ni wale wenye madoa meupe juu ya weusi, wa maji ya joto ya Bahari ya Hindi na Pasifiki. Alimchora kama alivyomwona, bila kumgeuza, kwa hiyo kwenye chapa kombe linajizungusha upande ambao konokono huyo hajizungushi. Lakini jina lake mwenyewe alilichora kinyume kwenye shaba, nalo likatoka sawasawa. Konokono hasomeki; jina husomwa. Kwangu mimi huo ni uamuzi, si usahaulifu.

Anayenivutia zaidi ni John Muafangejo, aliyezaliwa Angola mwaka 1943 na kukulia Namibia. Alisomea sanaa Rorke's Drift, kituo cha Walutheri huko Natal, Afrika Kusini, mwishoni mwa miaka ya 1960, kisha akarudi kufundisha Odibo, kaskazini mwa Namibia. Picha zake za lino zimejaa maneno. Kuna sentensi nzima zilizobanwa kando ya watu, nyumba na ng'ombe, na kila herufi ilibidi ichongwe kinyume. Mimi herufi tano zilinishinda.

Nilipokwenda mazoezi ya kufundisha sikuwa na lino wala patasi, na darasa lilikuwa limefurika. Tulianza na bamia. Ukiikata kwa upana na kuichovya kwenye rangi inachapa ua la petali tano, na ua halina kinyume. Siku iliyofuata wakaleta viazi ulaya, vikakatwa nusu na kufutwa maji kwa kitambaa ili rangi isiteleze. Nikawaambia wachonge neno HEKO, kila kundi viazi vinne, herufi moja kila kiazi, bila kugeuza chochote. Wakavipanga mezani kuanzia kushoto kwenda kulia, wakavipaka rangi na kulaza karatasi juu. Walipoifunua, zogo likaanza: mambo yameharibika, mwalimu! "Geuzeni karatasi, juu iwe chini," nikawaambia. Wakageuza. HEKO.

H, E, K na O zinafanana nusu ya juu na ya chini, ndiyo maana. B, C, D, I na X ni ndugu zao, kwa hiyo BIDII nayo inakubali. Wakaanza kutafuta maneno mengine, wakapata CHEO, wakapata DEBE, wakabishana.

Msichana mmoja wa nyuma alikuwa amechonga S, herufi ya kwanza ya jina lake. Aligeuza karatasi juu chini, akairudisha, akaigeuza tena. S ilibaki imeangalia kwingine. "Mwalimu, na hii je?"

Nikamwambia S, N na Z hazina ujanja. Akachukua kiazi kingine, na penseli.