China haiwezi kuidai Marekani kesho asubuhi

Kila Washington na Beijing zikivutana kuhusu ushuru, huzuka tena ile kauli ya vijiweni: Marekani imewekwa mfukoni na China, siku ikidaiwa deni lote imekwisha.

Hesabu hazisemi hivyo. Mwishoni mwa 2024 deni la serikali ya Marekani lilizidi dola trilioni 36. China ilishikilia hati fungani za Marekani (vyeti vya kuikopesha serikali) za takriban dola bilioni 760, kama asilimia 2 hivi. Kwa wageni, Japani ndiyo inayoongoza tangu 2019, na sehemu kubwa ya deni wanaidai Wamarekani wenyewe: benki kuu yao, mifuko ya pensheni, watu binafsi.

Tena hati fungani si mkopo wa duka la mtaani, mwenye duka akikasirika anakuja kugonga mlango. Ya miaka 10 hulipwa mwaka wa kumi. Kabla ya hapo ni riba tu, kila miezi sita. Anayetaka fedha mapema humuuzia mwingine sokoni. China ikizimwaga zote kwa pupa, bei itaporomoka zikiwa bado mikononi mwake (Marekani nayo itaumia, riba zikipanda). Beijing inalijua hilo: imezipunguza taratibu, kutoka zaidi ya dola trilioni 1.3 mwaka 2013.