Sado za dagaa na mstari mnyoofu

Mama anatoka Nyegezi kwenda soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, kununua dagaa. Tuseme nauli ya kwenda na kurudi ni shilingi 2,000 na sado moja (kopo la kupimia) ni 6,000. Daftari lake la matumizi linasomeka hivi:

Sado 1: 8,000
Sado 2: 14,000
Sado 4: 26,000
Sado 7: 44,000

Je, hii ni fankisheni ya mstari mnyoofu, yaani kila sado ikiongezeka, fedha huongezeka kwa kiasi kilekile? Wanafunzi wengi hukimbilia safu ya fedha, wanatoa, wanapata 6,000, kisha 12,000, kisha 18,000. Hailingani, wanasema, basi si mstari. Kutoa wametoa vizuri, ila safu ya sado hawakuitazama. Kutoka 2 hadi 4 zimeongezeka sado mbili. Kutoka 4 hadi 7, tatu. Gawanya ongezeko la fedha kwa ongezeko la sado, na kila mara utapata 6,000. Namba hiyo isiyobadilika ndiyo mteremko wa mstari. Kwa mama huyu ndiyo bei ya sado.

Wengine hutaka sado mbili zigharimu mara mbili ya moja. Haiwezekani, maana nauli hailipwi mara mbili. Rudi nyuma hadi sado 0 utaikuta 2,000 imekaa pale pale: akienda siku za mbalamwezi, wavuvi wa taa wamepumzika na dagaa hakuna, nauli imeshaliwa. Kwa hiyo, x ikiwa idadi ya sado na y jumla ya matumizi, y = 6,000x + 2,000.

Linganisha na magugumaji ya ziwani. Yakipata mazingira mazuri huweza kuongezeka maradufu ndani ya wiki mbili. Yakianza mita za mraba 10, baada ya kila wiki mbili yatakuwa 20, 40, 80. Hatua za muda ni sawa lakini ongezeko ni 10, 20, 40. Huo si mstari mnyoofu, na ndiyo maana watu wa mwaloni hushtuka wakikuta mtumbwi hauna pa kupita.

Jaribu namba zote za jedwali, hata kama za mwanzo zimekubali. Mama yule akinunua sado 10 na muuzaji akampunguzia, jumla pamoja na nauli ikawa 55,000, kutoka sado 7 zimeongezeka 11,000 kwa sado tatu. Haifiki hata 4,000 kwa sado. Mstari umepinda, na mama wala halalamiki.