Mbabula inayokula makala: "kula" kwa maana ya kutumia

Ukinunua mbabula mpya (jiko la mkaa) hapa Goma, mashariki mwa Kongo, jirani atakuuliza: "Hiyo inakula makala?" (Huku makala ni mkaa, wala si maandishi ya gazetini.) Wewe utamjibu bila kujiuliza jiko limepata wapi mdomo.

Kula hapa ni kutumia kitu kikapungua, na lawama ikabaki kwa anayekipunguza. "Pikipiki inatumia mafuta" ni habari tu, maana pikipiki gani isiyotumia? "Inakula mafuta" ni malalamiko: mwenyewe anaona inapita kiasi. Hata muda huliwa. Kuteremsha mzigo kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, kunaweza kukula siku nzima. Kwenye pesa neno linakuwa zito zaidi. Aliyekula pesa za kikundi ameziiba, hata kama hakununua parachichi moja.

Lakini kula si kumaliza, na hapo wengi huchanganya. Methali inatenganisha vizuri: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Linakula, ila linasaza. Mbabula nayo inaweza kula wiki nzima na chini ya gunia kukabaki vipande. Siku vinapokwisha ndipo tunasema imemaliza gunia. Kuishiwa kunamgeukia mtu: "nimeishiwa makala" haimshtaki yeyote. Kufuja kunalaumu mkono wa mtumiaji, kwa hiyo ukimwambia mama mwenye nyumba kwamba anafuja makala, jiandae kupika mwenyewe. Kuteketeza ni kuharibu kabisa bila yeyote kufaidi, kama lava ya volkeno ya Nyiragongo ilivyoteketeza sehemu ya mji mwaka 2002.

Kitenzi "kula" kinaweza pia kupangwa kama mnyororo. Sehemu kubwa ya makala ya Goma hutoka kwenye miti ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925. Mbabula inakula makala, makala yanakula msitu. Jaribu kuweka "kutumia" hapo: mbabula inatumia makala, sawa, lakini makala yanatumia msitu? Haisemeki.

Kuhusu umbo, shina ni -la tu, ndiyo maana ku- huonekana katika "inakula" na "imekula" kisha ikatoweka katika "haili" na "ikila". Mtaani sisi huiongeza hata pasipohitajika, tukasema "kukula". Fundi anayetaka kuuza mbabula yake atakuapia kwa ufupi: "Hii haikule makala, mama," yaani haili.