Je, wajua kwa nini herufi moja hukishinda kipanya?

Ukikaa karibu na mchoraji ramani aliyeizoea AutoCAD, programu ya kuchorea ramani kwa kompyuta, utazame mkono wake wa kushoto. Wa kulia umeshika kipanya; wa kushoto unagusa O (amri ya kunakili mstari kando), kitufe cha nafasi kinachothibitisha amri, 500 kwa milimita, kitufe cha nafasi tena. Wa kulia unabofya mara mbili, na ukuta wa mawe na chokaa wa nyumba ya Mji Mkongwe umeshapata upande wake wa pili, nusu mita kando ya wa kwanza. Macho hayajatoka kwenye mchoro.

Wengi, Unguja hata Pemba, huamini siri yake ni vidole vyepesi. Ndiyo maana kijana anayeanza hupewa karatasi yenye njia za mkato mia, yaani herufi za kuita amri, na kuambiwa azihifadhi zote. Imani hiyo ina kasoro kubwa, na inawapotezea muda watu wenye bidii.

Mwaka 1980 watafiti watatu, Card, Moran na Newell, walichapisha vipimo vya muda wa kazi ndogondogo za kompyuta. Kubonyeza kitufe kimoja: sekunde 0.28 kwa mtu wa kawaida. Kupeleka mshale mahali kwenye skrini: 1.1. Kuhamisha mkono kati ya kibodi na kipanya: 0.4. Kisha kipo kipimo ambacho watu hukisahau, nacho ndicho kikubwa kuliko vyote: kujiandaa kichwani kabla ya kutenda, sekunde 1.35.

Tuhesabu. L, amri ya kuchora mstari, na kitufe cha nafasi ni vitufe viwili, sekunde 0.56. Kwenda kwenye picha ndogo ya amri hiyo pembeni mwa skrini ni 1.1, bila kuhesabu kubofya. Faida ipo, lakini ni ndogo. Inakua kwa sababu mikono ni miwili: wa kushoto ukiandika L, wa kulia tayari unaelekea pale mstari utakapoanzia. Zile sekunde 0.56 zinamezwa ndani ya safari ambayo ingefanyika vyovyote vile. Anayetumia picha hufunga safari mbili, moja baada ya nyingine.

Sasa ongeza 1.35. Ukisita kujiuliza, "Kukata mistari iliyozidi ni TR au T?", kusita huko peke yake kumeshazidi safari ya mshale. Njia ya mkato inayohitaji kukumbukwa ni ya polepole kuliko picha iliyo mbele ya macho. Mtazame fundi wa nakshi za milango. Patasi zake zimelala upande mmoja. Mkono unaokota ile nyembamba huku jicho likifuata ua kwenye mbao. Mwanafunzi wake ana patasi zilezile, na pengine mkono mwepesi zaidi, lakini kila mara huinua uso, huzitazama moja moja, kisha hurudi kutafuta alipoachia. Kinachomchelewesha ni kule kuinua uso. Patasi ya fundi haitafutwi, na herufi ikishazoeleka nayo haitafutwi.

Vipimo hivyo ni wastani wa zamani, na havikufanywa kwa wachoraji wa nyumba zetu. Bruce Tognazzini, aliyefanya kazi Apple, aliandika kwamba watumiaji waliopimwa kwa saa walikuwa wepesi zaidi kwa kipanya, ilhali wenyewe waliamini kibodi ndiyo iliyowaharakisha. Hakuwa akizungumzia kuchora kwa mikono miwili, lakini onyo lake lina uzito: hisia ya kasi si kasi.

Kwa hiyo anza na amri unazozirudia kutwa. Vyumba vya nyumba za kale za Mji Mkongwe ni vyembamba kwa sababu urefu wa boriti za mikoko una kikomo, na kwenye mchoro wa dari boriti hizo hujipanga kwa wingi: CO (kukopi) au AR (kupanga nakala kwa safu) zitakuingia mkononi siku hiyohiyo. Kitufe cha nafasi kikiguswa peke yake hurudia amri iliyopita. Hiki ningekifundisha kabla ya herufi yoyote. F8 hunyoosha mistari iwe wima au mlalo, ila ukichora kuta za kale zisizo na pembe mraba, izime. Amri unayoihitaji mara moja kwa mwezi, bofya picha yake bila aibu.

Herufi zenyewe zimeandikwa kwenye faili liitwalo acad.pgp, nawe unaweza kuzibadilisha, kisha amri ya REINIT hulisoma upya bila kufunga programu. C ni ya kuchora duara; ukiamua iwe ya kukopi, umeiondoa kwenye duara. Kwenye kompyuta ya watu kadhaa, badiliko hilo litamkuta mwenzako: anaandika C achore kisima, programu inamwuliza anakopi nini. Weka kando nakala ya faili la awali, na umwambie.