Kabla ya kuinua chuma, jifunze kukiangusha

Jimu nyingi za Kisumu ninazozijua zimepangwa karibu sawa. Karibu na mlango kuna mashine za kukimbilia na baiskeli, katikati kuna nafasi ya aerobiki na spika kubwa, na nyuma kabisa, mbele ya vioo, ndiko vyuma viliko. Hakuna bango linalosema kule nyuma ni kwa wanaume. Halihitajiki. Njoo saa kumi na mbili jioni, watu wakishatoka kazini, uone nani yuko wapi. Mimi ni mkufunzi wa mazoezi ya nguvu, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuwavusha wanawake kutoka mlangoni hadi kule nyuma.

Swali ninaloulizwa kila mara ni, "Kocha, nitapata wapi ujasiri?" Huwa nalijibu kwa swali: unaogopa nini hasa? Tukikaa chini na kuzungumza, majibu huja yenyewe. Hajui chuma kina kilo ngapi. Hajui atafanya nini kikimlemea. Hajui asimame wapi asimzibie mtu kioo. Hajui amekuja kufanya nini leo, kwa hivyo anazunguka akijifanya anatafuta kitu. Mtu mwenye maswali manne kama hayo akiogopa, si mwoga, ana akili timamu. Hizi nasaha za "jiamini, dada, unaweza" hazijibu hata moja kati yake, ndiyo maana siku hizi sizitoi.

Mimi huanza na lile la pili, la kulemewa. Kabla mwanamke hajaongeza hata kilo moja, namfundisha kushindwa.

Tuchukue skwati, yaani kuchuchumaa na kuinuka ukiwa na chuma kirefu mabegani. Fremu nzuri, yaani zile nguzo za kuwekea chuma hicho, ina mikono miwili ya chuma, mmoja kila upande, inayopanda na kushuka kwa matundu. Chuchumaa bila kitu hadi mwisho wako, mwenzako aangalie mabega yamefika kimo gani, kisha weka ile mikono chini ya hapo kwa vidole vichache. Sasa ingia na chuma kitupu, bila zile sahani za duara za kuongeza uzito, shuka, na usipande. Endelea kushuka taratibu mpaka chuma kikae juu ya mikono, halafu toka kwa chini, mbele. Basi. Tunarudia mpaka mtu aanze kucheka. Chuma kikigonga mikono hutoa mlio mkali, ukumbi mzima hugeuka, kisha kila mtu hurudi kwenye shughuli zake. Nawaacha wausikie mlio huo siku ya kwanza kwa sababu wengi wanaogopa kugeukiwa kuliko wanavyoogopa uzito.

Benchi, yaani kulala chali na kusukuma chuma juu, ndiyo yenye hatari ya kweli, maana chuma kiko juu ya kifua na shingo. Hapa sitaki mzaha. Kidole gumba lazima kizunguke chuma, usikiweke upande mmoja na vile vingine kwa sababu uliona kijana fulani akifanya hivyo. Ukiwa peke yako na hakuna mikono ya kukinga, usifunge klipu zinazoshikilia sahani: ukilemewa unainamisha chuma upande mmoja, sahani zinateleza na kuanguka, upande wa pili unafuata, nawe uko huru. Kelele itakuwepo, na mwenye jimu huenda akanuna. Akinuna, anunue fremu. Chuma kikiwa chepesi unaweza pia kukisukuma kiviringike kutoka kifuani hadi mapajani kisha ukaketi, ila hilo nalifundisha kwa chuma kitupu tu, kwa sababu kikiwa na kilo nyingi kinaumiza tumbo. Njia iliyo bora kwa anayeanza ni kutumia dambeli mbili, vile vyuma vifupi vya kushika kwa mkono mmoja: ukichoka unazishusha kando, moja huku na nyingine kule, hakuna kinachokubana.

Dedilifti, ya kuinua chuma kutoka sakafuni hadi mapajani, ndiyo rahisi kuliko zote kwa upande huu. Kimekushinda? Kiachilie. Kinachoumiza watu mgongo ni kujaribu kukiokoa chuma kilichokwisha kuponyoka, kwa aibu.

Mtu akishajua kutoka, uso wake hubadilika. Sijaona maneno yoyote ya kutia moyo yakifanya kazi haraka hivyo.

Zoezi la kwanza lenye uzito ninalompa mwanamke mgeni halina ufundi wowote: shika dambeli mbili, mikono iwe imenyooka pembeni, mabega nyuma, tembea hadi ukuta wa mwisho na urudi. Linakaza mikono, mgongo, tumbo na nyonga kwa pamoja, na ni vigumu kulikosea. Lakini nakiri nina hila pia. Ili kufika ule ukuta lazima apite katikati ya benchi zote za kule nyuma, na watu wampishe njia kwa sababu amebeba chuma. Akirudi mara ya tatu, eneo lile si geni tena, na hakuna aliyemwomba kitambulisho.

Wapo wanaoniambia, "Lakini kocha, sisi tumebeba maji tangu utotoni, nguvu tunazo." Ni kweli, na ni hoja nzuri kuliko wanavyojua. Mtungi wa lita 20 ukijaa una kilo 20 za maji, uzito uleule wa chuma kirefu cha kawaida kisicho na sahani. Mama wa mtaa wa Nyalenda aliyeuchukua kichwani mpaka nyumbani hana sababu ya kukiogopa chuma hicho. Ila angalia mtungi ule ulifikaje kichwani: mara nyingi alitwikwa na mwenzake. Mwili wake umezoea kubeba na kusawazisha, haujazoea kukokota uzito kutoka chini peke yake. Ndiyo maana tunaanza na kuinama: magoti yanakunjika kidogo, makalio yanakwenda nyuma, mgongo unabaki kama ulivyokuwa umesimama. Vuta pumzi, kaza tumbo, ndipo uinuke.

Sasa hesabu za vyuma, kwa sababu kutozijua kunawadhulumu wanawake kimyakimya. Chuma kirefu cha mashindano ya wanaume kina kilo 20 na unene wa milimita 28. Cha wanawake kina kilo 15 na unene wa milimita 25, ili kienee kwenye kiganja kidogo. Unyanyuaji uzani wa wanawake uliingia katika Michezo ya Olimpiki mwaka 2000 kule Sydney, kwa hivyo hicho cha kilo 15 si kitu kipya, lakini uliza jimu ngapi za mjini hapa zinacho. Tena sahani kubwa za mashindano zina kipenyo cha sentimita 45, nazo ndizo zinazokiinua chuma hadi katikati ya muundi. Ukiweka sahani ndogo za kilo tano tano, chuma kinakuwa karibu na vidole vya miguu, na anayeanza analazimika kuinama zaidi kuliko anayeinua kilo 100. Dawa yake ni vipande viwili vya mbao au sahani za ziada chini ya kila upande, mpaka chuma kifike kimo kinachofaa. Fundi wa soko la Kibuye atakukatia mbao hizo.

La kuudhi zaidi ni ngazi za uzito. Katika jimu nyingi sahani ndogo kabisa ni ya kilo mbili na nusu. Huwezi kuweka upande mmoja tu, kwa hivyo nyongeza ndogo kabisa ni kilo tano. Mwanamume anayetoka kilo 100 kwenda 105 ameongeza asilimia tano. Mwanamke anayesukuma chuma kitupu juu ya kichwa, kutoka 20 kwenda 25, ameongeza asilimia 25 kwa mkupuo. Dambeli ndizo balaa: kutoka kilo 5 kwenda 7.5 ni nusu nzima juu. Na kwa kuwa pengo la nguvu kati ya wanawake na wanaume ni kubwa zaidi mikononi na mabegani kuliko miguuni, ni palepale anapokwama. Anajaribu, anashindwa, anahitimisha kwamba yeye ni dhaifu, anarudi kwenye aerobiki. Dhaifu ni ngazi, si yeye.

Suluhisho lisilo na gharama ni kuongeza marudio kabla ya uzito. Kama unasukuma kilo 5 mara sita, kaa hapohapo wiki kadhaa mpaka ufike mara kumi na mbili kwa utulivu, ndipo ujaribu 7.5, ukijua utaanza tena na mara nne au tano. Lenye gharama kidogo ni kununua sahani zako mbili za kilo moja na robo na kuzitia kwenye mkoba. Wateja wangu wachache wanazo, na wanazilinda kama simu.

Andika. Mama mmoja anayeuza nguo huandika mazoezi yake nyuma ya daftari lake la madeni, tarehe upande wa kushoto, kilo katikati, marudio upande wa kulia. Akiingia jimu haulizi mtu, anafungua ukurasa na kuanza. Lile swali la nne, la "nimekuja kufanya nini", limekwisha. Mara mbili kwa wiki zinatosha kuanza, na ndicho kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa mazoezi ya kukaza misuli yote mikubwa.

Kuhusu kuwa na misuli kama mwanamume, nitakuwa mfupi. Homoni ya testosteroni, inayosaidia sana kukuza misuli, iko kwa wanaume kwa kiasi kinachozidi cha wanawake mara kumi na zaidi. Wanawake unaowaona pichani wenye mabega makubwa wameyatafuta kwa miaka, kwa chakula kilichopimwa na mazoezi ya kila siku, wengine na dawa. Hayatakujia kwa bahati mbaya Jumanne jioni. Na ukiyataka, hiyo ni haki yako pia.

Ningependa watu wahangaikie mifupa badala yake. Mfupa hukaza unapobebeshwa uzito, na hupoteza uimara haraka baada ya hedhi kukoma. Kwa hivyo wale wanaoniambia "mimi nimezeeka, niachie vijana" ndio ninaowafuata kwa bidii. Mwenye shinikizo la damu aonane na daktari kwanza, na asibane pumzi muda mrefu akiinua.

Kuna jambo lingine linalowafukuza wanawake kwenye vyuma na halitajwi mbele ya kocha mwanamume: mkojo kuponyoka kidogo unapoinua au kuruka. Linawapata wengi, hasa waliozaa. Wengi wanadhani ni adhabu ya uzazi ya kuvumiliwa. Sivyo. Misuli ya sakafu ya nyonga inafundishika kama misuli mingine, na mtaalamu wa fiziotherapia anaweza kukuonyesha namna. Wakati huo tunapunguza uzito, tunatoa pumzi wakati wa kuinuka badala ya kuibana, na tunaendelea. Nikilisema mimi kwanza, waziwazi, mara nyingi kuna mtu anayepumua.

Na vijana wa kule nyuma? Wengi hawana neno, wako na vioo vyao. Tatizo ni yule mmoja anayekuja kukurekebisha bila kuombwa, akianza na "sistee". Mpe jibu fupi ulilolizoea: "Asante kaka, nafuata programu ya kocha wangu." Usieleze zaidi, maelezo ndiyo mlango anaoutafuta. Akigusa mwili wako bila ruhusa, hilo si suala la jibu fupi tena, nenda kwa meneja, na meneja akicheka, hama.

Saa maalumu za wanawake nazipenda, kwa miezi ya mwanzo. Wenye hijabu hupata nafasi ya kuvaa wanavyotaka, na mgeni anajifunza bila macho. Lakini nimeona jimu zinazotangaza saa hizo kisha zikaweka aerobiki pekee, vyuma vimesukumwa ukutani. Hiyo ni kumrudisha mtu mlangoni kwa heshima. Saa ya wanawake bila vyuma mimi siihesabu.

Vifaa vyako binafsi ni vichache. Raba zenye soli bapa na ngumu. Zile nene laini za kukimbilia hukuyumbisha ukiwa na uzito mabegani. Taulo, maana joto la Kisumu hulowesha viganja na chuma kinateleza. Ukipata poda ya magnesiamu ya kukausha mikono ni vizuri, ila si chaki ya ubaoni, hiyo haikaushi ipasavyo na itakugombanisha na anayefagia.

Kabla hujalipa ada ya mwezi, omba kutembezwa hadi kule nyuma, uliza mambo matatu: fremu ina mikono ya kukinga inayopanda na kushuka? Sahani ndogo kabisa ni ya kilo ngapi? Kuna chuma kirefu cha kilo 15 au chepesi zaidi? Ukipata jibu zuri kwa moja tu, bei bado inajadilika. Ukijibiwa kwamba wanawake hapa hufanya aerobiki, kuna jimu nyingine mbele.