Antrakwinoni si kwinini, na glikosidi si sukari

Glikosidi za antrakwinoni ni kemikali za mimea zenye sehemu mbili: kiini cha pete tatu za kaboni kiitwacho antrakwinoni (au ndugu yake wa karibu, antroni), na sukari, mara nyingi glukosi, iliyoshikamana nacho. Zimo kwenye majani na maganda ya sanamaki, kwenye utomvu wa njano wa mshubiri, na kwenye gome la mti wa kaskara. Kazi yake kubwa kitabibu ni haluli, yaani kufungua choo. Maana imeishia hapo. Kinachohitaji maneno ni yale yanayobandikwa juu yake.

Kwanza, kwinini, dawa ya malaria. Mtu akisikia "kwinoni" husikia "kwinini", na haichukui muda sanamaki ikapewa kazi ya kutibu malaria. Sikio halikukosea kabisa. Mwaka 1838 mkemia Mrusi, Voskresensky, alioksidisha asidi ya kwiniki iliyotoka kwenye gome la mti wa sinkona akapata fuwele za njano. Jina "kwinoni" limetoka hapo, na gome hilohilo ndilo lenye kwinini. Kwa hiyo majina yametoka kwenye mti mmoja, ila kemikali zenyewe hazina undugu wowote. Kwinini ni alkaloidi, yaani kemikali ya mimea yenye nitrojeni. Antrakwinoni haina nitrojeni hata chembe. Upande wa mbele, "antra", ni makaa kwa Kigiriki, kwa sababu antrasini, kemikali ya pete tatu inayozaa antrakwinoni, ilipatikana mwaka 1832 kwenye lami ya makaa ya mawe. (Jina la kitaalamu la kimeta, antraksi, nalo ni makaa hayohayo, kutokana na kidonda chake cheusi.) "Gliko" nalo ni utamu, jina ambalo aliyewahi kuonja shubiri atalipokea kwa kicheko.

Sanamaki nayo ina jina lake la kueleza. Ni Kiarabu, sana ya Makka, na "sana" hiyo haihusiani na ya "asante sana". Jani halikutoka Makka peke yake: mengi yalivunwa Sudan yakasafirishwa kupitia Aleksandria, ndiyo maana wataalamu wanauita mmea huu Senna alexandrina. Mjohoro, ule wa kivuli kando ya barabara, ni Senna siamea. Wako jenasi moja, na hapo ndipo mtu anapochuma majani ya mjohoro akidhani amepata sanamaki ya bure. Majani hayo yana barakoli, kemikali iliyohusishwa na madhara ya ini. Jina la jenasi halitoshi kuwa cheti cha dawa.

Sasa sukari. Wengine wakisoma "glikosidi" huwaonya wagonjwa wa kisukari, wengine huona sukari hiyo ni pambo tu. Kwenye dozi ya kawaida glukosi yake ni miligramu chache tu. Lakini bila hiyo dawa haifiki inakotakiwa. Senosidi, yaani glikosidi za sanamaki, ni antroni mbili zilizoungana, kila moja na glukosi yake, na kifungo kinachoishika glukosi ni cha aina ya beta, ambacho vimeng'enya vyetu havikikati. Molekuli ni kubwa na inapenda maji, kwa hiyo hupita utumbo mwembamba bila kufyonzwa kwa kiasi cha maana. Ikifika utumbo mpana, bakteria hukata glukosi na kuachia reini-antroni. Hiyo ndiyo inayousukuma utumbo mpana na kuuzuia usinywe maji ya choo. Kumeza kiini kilichokwisha kuvuliwa sukari hakufanyi kazi vilevile, maana sehemu yake hufyonzwa au kuharibika njiani.

Safari hiyo ndiyo sababu sanamaki hunywewa usiku: huchukua saa 6 hadi 12. Anayekunywa asubuhi, akaona kimya hadi mchana, akaongeza kikombe cha pili, jioni atajuta. Ndiyo sababu pia "chai ya kupunguza tumbo" yenye sanamaki haipunguzi mafuta. Chakula kimeshafyonzwa kwenye utumbo mwembamba kabla dawa haijaanza kazi, na kilo moja iliyopungua kwenye mizani ni maji na choo.

Kipimo cha sanamaki kwa mtu mzima ni miligramu 15 hadi 30 za glikosidi hizi kwa siku, mara moja, usiku. Jani zuri lina takriban asilimia 2.5, hivyo gramu moja inabeba kama miligramu 25. Gramu moja ya jani kavu kwenye kikombe cha maji ya moto, dakika 10, kisha chuja. Usiyachemshe jikoni nusu saa, kwa sababu moto wa muda mrefu huvunja senosidi, halafu hujui umekunywa kiasi gani. Mkojo kuwa mwekundu au wa kahawia hauna madhara. Msokoto wa tumbo maana yake dozi imezidi. Usivuke wiki moja au mbili: kuharisha mfululizo hupunguza potasiamu, na kwa anayetumia digoksini (dawa ya moyo) au dawa za kukojoza jambo hilo ni la hatari. Tumbo linalouma bila sababu kujulikana halipewi haluli yoyote.

Maabara nako kuna kosa la kudumu. Kipimo cha Bornträger, cha kutafuta antrakwinoni kwenye mmea, kinafundishwa hivi: chemsha unga wa mmea kwenye asidi ya salfuriki hafifu, chuja, acha upoe, tikisa na kloroformu, tenga kloroformu, kisha weka amonia. Tabaka la amonia likiwa la waridi au jekundu, antrakwinoni ipo. Mwanafunzi akipima shubiri hivyo haoni rangi, anaandika "hakuna". Ipo. Kwenye aloini, glikosidi ya shubiri, sukari imeshikwa na kaboni moja kwa moja, si kupitia oksijeni, na asidi peke yake haiing'oi. Inahitaji kloridi ya feri pamoja na asidi ya hidrokloriki. Senosidi nazo zinahitaji kuoksidishwa hivyohivyo, maana ni antroni, na antroni haitoi rangi hiyo mpaka igeuzwe antrakwinoni. Kosa la upande wa pili ni kumwaga amonia moja kwa moja kwenye maji ya mmea na kufurahia rangi yoyote inayotokea. Flavonoidi, kemikali nyingine za mimea, nazo hugeuka njano humo.

Umebaki mshubiri, au aloe vera kama unavyoitwa sokoni. Jani lina vitu viwili. Chini tu ya ganda kuna utomvu wa njano, mchungu, wenye aloini. Ukikaushwa ndio unaoitwa shubiri. Katikati kuna ute mweupe unaoteleza, ambao ni maji na polisakaridi (minyororo mirefu ya sukari), na kwa kawaida hauna antrakwinoni isipokuwa utomvu umeuchafua wakati wa kukata. Marekani iliondoa shubiri na kaskara kwenye orodha ya haluli zinazouzwa bila cheti cha daktari mwaka 2002. Ute wa kupaka haukuguswa. Kwa hiyo anayesaga jani zima na ganda lake kwenye blenda, akasema anakunywa "jeli ya aloe vera", tumrekebishe kwa upole kabla ya usiku kuingia: hicho alichoshika kina shubiri.